Kuegesha gari kwenye hoteli za Walt Disney World wakati hulali hapo

Mtu asiyelala kwenye hoteli ya Disney kule Florida anaruhusiwa kuingia na gari lake, kula, kuzunguka madukani, kutazama twiga, kisha kwenda zake bila kutozwa hata senti ya maegesho. Papo hapo, wapo madereva wanaogeuzwa getini katika hoteli hizohizo. Mambo hayo mawili hayapingani. Nafasi ya gari pale haiuzwi, inatolewa kwa sababu. Kazi ya mlinzi wa geti ni kupima kama sababu yako inahusu hoteli yenyewe, au kama unatafuta mlango wa nyuma wa kuingilia bustani ya burudani iliyo jirani bila kulipa ada yake. Ukilishika hilo, kanuni nyingi zinazoonekana za ajabu zinajieleza zenyewe.

Ada zinazochanganywa

Mkanganyiko mwingi unatokana na kusoma bei ya kitu kimoja ukidhani ni ya kingine.

Kuna maegesho ya usiku kwa waliokodi chumba. Kwa miaka mingi yalikuwa bure, kisha tarehe 21 Machi 2018 Disney ikaanza kutoza: dola 13 kwa usiku katika hoteli za bei nafuu, dola 19 katika za kati na dola 24 katika za kifahari. Baadaye bei zikapandishwa kidogo, na Januari 2023 ada nzima ikafutwa. Maelezo ya zamani bado yamezagaa mtandaoni, ndiyo maana utakutana na mtu anayeapa kwamba hoteli hizi zinatoza maegesho. Hata katika miaka hiyo mitano, mgeni wa mchana, yaani anayekuja kula au kutembea na kuondoka, hakuwa akitozwa.

Kuna maegesho ya bustani zenyewe: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Hapa unalipa kwenye vibanda kabla ya kuingia. Oktoba 2023 ada ya gari la kawaida ilipanda kutoka dola 25 hadi dola 30 kwa siku, na nafasi za karibu na lango huuzwa ghali zaidi. Bei hizi hazikai sana, kwa hiyo ziangalie wiki ya safari. Aliyelala hoteli ya Disney halipi, na mwenye pasi ya mwaka halipi. Wewe ukilipa katika bustani moja, malipo hayo yanakutosha kuegesha kwenye nyingine siku hiyohiyo, alimradi utunze risiti. Bustani za maji, Typhoon Lagoon na Blizzard Beach, hazitozi maegesho.

Tatu ni huduma ya kukabidhi ufunguo mlangoni na kuegeshewa gari, ile inayoitwa valet. Ipo kwenye hoteli za kifahari, na inagharimu zaidi ya dola 30, mbali na bakshishi ya kijana anayekuletea gari. Kula hotelini hakufuti ada hii. Wengi hunaswa hapa kwa sababu njia inayonyooka hadi mlango mkuu wa hoteli ndiyo hiyohiyo ya valet. Ukishapita geti, tafuta kibao chenye maandishi "Self Parking" na uachane na mlango wenye wahudumu waliovaa sare.

Ya nne ndiyo inayotuhusu: kuegesha mwenyewe kwenye hoteli, bila chumba, kwa saa chache. Bei yake ni sifuri. Masharti yake yanategemea hoteli iko wapi.

Ukali wa geti hufuata umbali wa bustani

Chukua Magic Kingdom. Anayeegesha kwenye uwanja wake rasmi haegeshi penye bustani. Anaegesha upande wa pili wa ziwa la Seven Seas Lagoon, kwenye kituo cha Transportation and Ticket Center, kwa kifupi TTC, kisha anapanda monoreli (treni ya reli moja iliyoinuliwa) au kivuko kuvuka. Kuanzia kulipa kibandani hadi kufika lango la bustani, dakika 30 hadi 45 ni kawaida, na asubuhi ya msongamano zinaongezeka. Sasa tazama hoteli ya Contemporary: kutoka uwanja wake wa magari hadi lango la Magic Kingdom ni mwendo wa miguu wa dakika kama kumi. Hakuna monoreli, hakuna kivuko, hakuna dola 30. Hoteli hiyo ilifunguliwa pamoja na bustani tarehe 1 Oktoba 1971, na haihitaji kuwa mjanja sana mtu kugundua faida ya kuacha gari pale. Ndiyo maana walinzi wake huuliza maswali mengi.

Hoteli za Polynesian na Grand Floridian, pamoja na Contemporary, ziko kwenye mzunguko mmoja wa monoreli. Kutoka Polynesian unaweza kwenda TTC kwa miguu, na tangu mwaka 2020 ipo njia ya miguu inayotoka Grand Floridian hadi Magic Kingdom. Nazo zinabanwa, hasa jioni, kwa sababu fataki za Magic Kingdom zinaonekana vizuri kutoka ufukwe wa Polynesian.

Upande wa EPCOT, tatizo ni BoardWalk, Yacht Club na Beach Club. Zimezunguka ziwa moja, na dakika tano hadi kumi za kutembea zinakufikisha kwenye lango la nyuma la EPCOT, linaloitwa International Gateway, kati ya banda la Ufaransa na la Uingereza. Kwa upande mwingine, ukifuata njia ya maji kwa kama dakika ishirini unatokea Hollywood Studios. Yaani uwanja mmoja wa magari unakupa bustani mbili. Nafasi za magari hazikujengwa kwa ajili ya umati wa namna hiyo, na mgeni aliyelipia chumba akikosa pa kuegesha saa nne usiku, lawama inarudi kwa mlinzi.

Tangu Septemba 2019 kuna hoteli nyingine zilizoingia kwenye kundi hili, kwa sababu ya Skyliner, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo. Caribbean Beach ndiyo kituo kikuu, Riviera iko kwenye njia ya kwenda EPCOT, na Pop Century na Art of Animation zinachangia kituo kimoja. Abiria haulizwi chochote anapopanda, kwa hiyo mahali pekee pa kumzuia mtegeaji ni getini.

Zilizobaki ni nyepesi zaidi. Coronado Springs, Port Orleans, Old Key West na All-Star hazina bustani ya kutembea kwa miguu wala kebo, kwenda bustani zina basi tu. Animal Kingdom Lodge, licha ya jina, haifikiki kwa miguu kutoka Animal Kingdom. Kwenye hoteli kama hizi, siku ya kawaida, "tunakuja kuona hoteli na kula kitu" mara nyingi inatosha.

Getini

Mlinzi ataomba kitambulisho cha dereva chenye picha. Leseni inatosha, na mgeni kutoka nje ya Marekani aiweke pasipoti karibu, si kwenye begi lililo kwenye buti. Kisha atauliza unakwenda kufanya nini. Jibu zuri ni fupi na lina vitu vitatu: jina la mgahawa, saa ya meza, jina lililotumika kuhifadhi. "Tuna meza 'Ohana saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa jina fulani." Atalitafuta kwenye orodha yake au atakuomba umwoneshe simu. Programu ya My Disney Experience inaonesha nafasi zako zote, lakini piga picha ya skrini kabla ya kutoka, maana mtandao hugoma wakati ule ule unapouhitaji.

Akiridhika, anaweza kukufungulia tu, au akakupa karatasi ya kuweka kwenye dashibodi, maandishi yakiangalia nje. Kwenye hoteli zilizo karibu na bustani karatasi hiyo mara nyingi huwa na muda, kwa kawaida kama saa tatu. Muda huo unatosha mlo wa kukaa mezani na kutembea kidogo. Hautoshi siku nzima ya Magic Kingdom, na umewekwa hivyo makusudi. Meza ikichelewa na ukapitiliza nusu saa kwa sababu bado unakula, usikose raha ya chakula kwa hofu. Walengwa ni magari yanayokaa kuanzia asubuhi hadi fataki. Hata hivyo kumbuka kwamba lile ni eneo binafsi, na sheria ya Florida, kifungu cha 715.07, inampa mwenye eneo haki ya kuondosha gari lililoegeshwa bila idhini kwa gharama ya mwenye gari, ilimradi ametimiza masharti kama ya kuweka vibao vya onyo.

Makosa yanayowagharimu watu hapa ni madogo madogo. Meza imehifadhiwa kwa jina la mama, mama yuko gari la pili, na dereva wa gari la kwanza hajui jina wala saa. Kila gari linaulizwa peke yake, kwa hiyo mkiwa magari matatu, madereva wote watatu wawe na maelezo. Wengine hutaja hoteli isiyo sahihi: Cape May Cafe iko Beach Club, Ale & Compass iko Yacht Club, Trattoria al Forno iko BoardWalk, na ng'ambo moja ya ziwa si ng'ambo nyingine. Wengine hujibu kwamba wamekuja kuogelea. Hilo ni jibu la kukataliwa. Mabwawa ni ya waliokodi chumba katika hoteli husika, na pale Beach Club bwawa kubwa la Stormalong Bay lina bangili zake.

Oda ya chakula uliyoweka kwa simu kwenye mgahawa wa haraka si sawa na kuhifadhi meza. Mlinzi mmoja ataikubali, mwingine atasema haimhusu, na wote wako ndani ya mamlaka yao. Baa ndizo zenye utata zaidi. Trader Sam's Grog Grotto ya Polynesian, kwa mfano, haipokei nafasi za kuhifadhi, unajiandikisha ukifika. Siku tulivu utapita. Siku ya umati utaambiwa geti ni la wenye meza tu, nawe huna namna ya kuonesha meza ambayo haihifadhiwi. Orodha ya kusubiri kwenye programu nayo haikusaidii ukiwa mbali, kwa kuwa inataka uwe karibu na mgahawa kabla haijakupokea. Programu inataka uwe ndani, na mlinzi anataka uwe na uthibitisho kabla ya kuingia. Njia ya kutoka kwenye mduara huo ni kufika bila gari, kama tutakavyoona.

Kumtembelea ndugu au rafiki aliyelala hotelini ni sababu halali. Awe na taarifa kwamba unakuja, apokee simu, na wewe ujue jina alilojiandikishia. Gari lako bado ni la mgeni wa mchana.

Walio kwenye teksi za programu kama Uber na Lyft nao hupita geti hilohilo, na dereva huulizwa anampeleka nani wapi. Hilo linawashangaza wanaojaribu kushushwa Contemporary ili waingie Magic Kingdom kwa miguu. Kituo cha kushushia cha teksi hizo kwa Magic Kingdom ni TTC.

Meza ndiyo kibali, basi ihifadhi mapema

Asiyelala hoteli za Disney anaweza kuhifadhi meza siku 60 kabla. Aliyelala naye huanza siku 60 kabla ya kuwasili, ila anaruhusiwa kuhifadhi kwa siku kumi za ukaaji wake kwa mpigo, kwa hiyo sehemu zenye watu wengi, kama Topolino's Terrace ya Riviera au California Grill ya Contemporary, huwa zimeshachukuliwa kwa kiasi wakati siku yako inapofunguka. Usikate tamaa. Nafasi hurudi sokoni siku moja au mbili kabla, watu wanapobadilisha mipango, na saa zile za mwisho pia. Kutokufika, au kufuta ukiwa umebakiza chini ya saa mbili, hutozwa dola 10 kwa kila mtu katika migahawa mingi. Milo iliyolipiwa kabla ina masharti yake makali zaidi.

Kwa hiyo ujanja wa kuhifadhi meza ili kupata geti kisha kuifuta ukishaegesha hauna faida: ada ya kutofika ya watu watatu tayari inalingana na maegesho ya bustani. Hata anayekula kweli kifungua kinywa cha Chef Mickey's ili aache gari Contemporary siku nzima ajue kwamba sahani ya mtu mzima mmoja pale inazidi ada ya maegesho aliyokuwa akiikimbia. Kama unakitaka chakula, kula. Kama unataka kuokoa dola 30, hiyo si hesabu.

Siku ambazo kanuni hubadilika

Tarehe 4 Julai, wiki ya Krismasi na tarehe 31 Desemba, hoteli za mzunguko wa monoreli na zile za ziwa la BoardWalk huweza kufunga geti kwa kila asiye na chumba au meza iliyothibitishwa. Novemba na Desemba kuna mapambo na nyumba za mkate wa tangawizi kwenye kumbi za baadhi ya hoteli, na watu huja kwa mamia kuzitazama. "Tumekuja kuona mapambo" lilikuwa jibu zuri asubuhi ya Jumanne na linakuwa jibu baya Jumamosi jioni. Wikiendi za mbio za runDisney huleta shida nyingine: barabara hufungwa alfajiri, na hata mwenye meza ya kifungua kinywa huweza kuzungushwa kilomita kadhaa. Ukiwa na mlo asubuhi ya mbio, angalia taarifa za kufungwa kwa barabara usiku wa kuamkia siku hiyo.

Ukigeuzwa, usibishane. Mlinzi hana mamlaka ya kuongeza nafasi uwanjani, na foleni iliyo nyuma yako haitamfanya akuonee huruma. Muulize akuoneshe pa kugeuzia, kisha elekea Disney Springs.

Kufika hotelini bila kuegesha hotelini

Disney Springs, eneo la maduka na migahawa, lina maegesho ya bure kwa kila mtu, pamoja na majengo matatu ya ghorofa yanayoitwa Lime, Orange na Grapefruit. Kutoka hapo kuna basi la kwenda kila hoteli ya Disney. Boti nazo huenda Saratoga Springs, Old Key West na Port Orleans, ila hali ya hewa ikichafuka husimama.

Kuna jambo lililopangwa kwa makusudi kabisa: hakuna basi la moja kwa moja kutoka Disney Springs kwenda kwenye bustani. Lingekuwepo, majengo yale ya bure yangejaa kabla ya saa tatu asubuhi. Nyakati za umati wahudumu wa vituo vya basi vya Disney Springs nao huweza kukuomba uoneshe kwamba una chumba au meza kwenye hoteli unayokwenda. Kama ulidhani basi linakwepa swali la getini, wakati mwingine swali linakusubiri kituoni.

Tenga saa nzima. Kusubiri basi kunaweza kufika dakika ishirini, safari nayo ni ishirini au zaidi kwa hoteli za mbali, na kutoka kituo hadi meza kuna kutembea. Mezani una kama dakika 15 za uvumilivu kabla hawajampa mwingine nafasi.

Njia iliyo bora zaidi, kama siku hiyo unaingia bustani, ni kuliacha gari palepale ulipolilipia. Kutoka kila bustani kuna usafiri wa bure kwenda hoteli, na hakuna anayekuuliza chumba. Umeegesha TTC na una chakula cha jioni Polynesian? Tembea, ni dakika chache. Una meza Contemporary? Toka lango la Magic Kingdom utembee, au panda monoreli ya hoteli, siyo ile ya moja kwa moja inayorudi TTC. Uko EPCOT na unakula Beach Club? Toka International Gateway, kula, rudi ndani upite hadi lango la mbele ulikoacha gari. Hapa ndipo wengi hukwama: EPCOT ikishafungwa huwezi kukatiza tena, na gari lako liko upande wa pili wa bustani. Panga mlo uishe kabla ya kufungwa, au uwe tayari kuita teksi.

Jambo jingine la kujua ni kwamba hakuna mabasi ya kutoka hoteli moja hadi nyingine. Anayetaka kula Wilderness Lodge kisha kuona twiga Animal Kingdom Lodge lazima apite kwenye bustani fulani au Disney Springs na kubadilisha basi. Kwa ziara ya hoteli mbili tatu, gari lako, geti kwa geti, ni haraka zaidi.

Hoteli mbili zenye mambo yake

Fort Wilderness ni uwanja wa kambi, na ndio unaoongoza kwa kuchelewesha watu. Mgeni wa mchana haruhusiwi kuendesha hadi ndani kwenye vitanzi vya kambi wala hadi Pioneer Hall, linakofanyika onesho la Hoop-Dee-Doo. Anaegesha kwenye uwanja wa mbele, Outpost, kisha anasubiri basi la ndani la kumpeleka eneo la Settlement karibu na ziwa. Ukifika getini dakika kumi na tano kabla ya onesho, umeshachelewa. Fika saa moja kabla. Ukitoka Magic Kingdom, boti inakushusha palepale Settlement na kukuondolea adha yote ya Outpost.

Animal Kingdom Lodge ina sehemu mbili, Jambo House na Kidani Village. Boma na Jiko ziko Jambo, Sanaa iko Kidani, na kila sehemu ina maegesho yake, ya Kidani yakiwa chini ya jengo, yenye kivuli. Ukiegesha upande usio wako, kuna mwendo wa kama dakika kumi kati ya majengo. Wanyama huonekana kutoka maeneo ya wazi ya pande zote mbili bila kiingilio. Fika kukiwa na mwanga, kwani meza ya saa mbili usiku itakupa chakula kizuri na savana nyeusi.

Upande wa Magic Kingdom, andika jina la hoteli kwenye ramani ya simu, siyo jina la bustani. Ramani ikikupeleka "Magic Kingdom" utaangukia kwenye foleni ya vibanda vya kulipia. Vibao vya barabarani vinataja hoteli kwa majina, vifuate hivyo. Ukijikuta kibandani kwa bahati mbaya, mwambie mhudumu unakwenda hoteli gani kabla hujatoa kadi. Na kwenye California Grill, ongeza dakika kumi: unajiandikisha ghorofa ya pili, ndipo unapandishwa kwa lifti hadi ya 15.

Jirani wasiofuata kanuni hizi

Hoteli za Swan, Dolphin na Swan Reserve ziko ndani ya eneo la Disney, katikati ya EPCOT na Hollywood Studios, lakini zinaendeshwa chini ya kampuni ya hoteli ya Marriott. Maegesho yao ni ya kulipia kwa kila mtu. Baadhi ya migahawa hugonga muhuri tiketi ya anayekula ili apunguziwe au asamehewe, kwa hiyo uliza unapohifadhi meza, si unapotoka. Hoteli za Hotel Plaza Boulevard, kando ya Disney Springs, nazo zina ada zao. Ukila Disney Springs, egesha Disney Springs.

Universal Orlando, mshindani wa Disney mwenye bustani na hoteli zake, imekaa kinyume kabisa na Disney. Hoteli zake zinatoza maegesho, wageni wa kulala na wa mchana pia, na hapo ndipo muhuri wa mgahawa unapokuwa na maana. Lakini majengo makubwa ya maegesho ya CityWalk, eneo lake la maduka na migahawa, kwa kawaida huwa bure kuanzia saa 12 jioni, isipokuwa usiku wa Halloween Horror Nights, tamasha la kutisha la msimu wa Halloween. Kwa chakula cha jioni Portofino Bay, Hard Rock au Royal Pacific, njia ya watu wanaojua ni kuegesha CityWalk baada ya saa hiyo, kupita ukaguzi wa usalama, kisha kwenda hotelini kwa boti au kwa miguu. Ujanja huo hauhusu hoteli za upande wa Epic Universe, bustani iliyofunguliwa Mei 2025, kwani iko mbali na CityWalk na ina uwanja wake.

Disneyland ya Anaheim, California, ina hoteli tatu tu, na ardhi ni finyu. Huko mgeni wa mchana hutozwa kwa saa, na mgahawa wa hoteli hugonga tiketi ili kufuta baadhi ya saa hizo. Tiketi uliyochukua kwenye mashine ya kuingilia usiiache garini. Mpe mhudumu pamoja na bili, uhakikishe ameigonga kabla ya kuondoka mezani, na usitarajie muhuri wa hoteli moja kufanya kazi kwenye maegesho ya Downtown Disney, eneo la maduka na migahawa lililo jirani. Mashine ya kutokea haina mtu wa kumweleza, na nyuma yako kutakuwa na magari yanayopiga honi.